Usiku wa Mtoto na Saa za Kazi

(Hotuba ya Halmashauri ya Afya, iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)



Tumetakiwa tuseme juu ya jambo ambalo wengine walicheka walipoliona katika ajenda, limeandikwa baina ya habari za mishahara na habari za ada: namna ya kumsaidia mtoto mchanga alale usiku kucha asiamke kunyonya. Ndugu mmoja aliuliza kama chama siku hizi kimegeuka kliniki. Hatukukasirika. Lakini mtu ambaye usiku alilala vipande vipande, na alfajiri akapanda matatu ya kwanza, na tangu asubuhi amesimama mbele ya mashine, huyo ana shida ya kazi. Na shida ya kazi ndiyo iliyotukusanya katika chama.

Mwenzetu mmoja ametupa ruhusa tuseme habari zake pasipo kumtaja jina, wala jina la kampuni. Alirudi kazini mtoto wake alipotimiza miezi mitatu. Katika siku za likizo mtoto alikuwa ameanza kulala vizuri: ananyonya saa tatu za usiku, anaamka mara moja kiasi cha saa nane, kisha mpaka asubuhi. Mama akamshukuru Mungu. Juma la pili baada ya kurudi kazini, mtoto akaanza kuamka mara nne, mara tano. Jirani akasema maziwa ya mama yamekuwa maji. Shangazi akasema mpe uji mzito jioni, atashiba. Dukani akauziwa chupa ndogo ya dawa ya mafua, akaambiwa kijiko kimoja tu, mtoto atapumzika na wewe utapumzika. Na siku moja mchana, kwenye mashine ya kushona, kichwa kikaanguka mbele na sindano ikapita katika kidole. Msimamizi akamwandikia barua ya onyo kwa sababu ya uzembe.

Ilipoletwa barua hiyo kwa chama, sisi tuliuliza swali moja ambalo msimamizi hakuliuliza: jana ulilala saa ngapi? Hapo ndipo hotuba hii ilipoanzia.

Tuanze na mtoto mwenyewe. Mtoto mchanga hajui mchana wala usiku. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2019 ya kuwa katika miezi mitatu ya kwanza mtoto hulala jumla ya saa 14 mpaka 17 kwa siku, na toka miezi minne mpaka kumi na mmoja saa 12 mpaka 16, pamoja na usingizi wa mchana. Saa ni nyingi, lakini zimekatwakatwa. Tumbo lake ni dogo, na maziwa ya mama huyeyuka upesi, kwa hiyo anataka kunyonya mara nane hata kumi na mbili mchana na usiku. Ile saa iliyo ndani ya mwili, inayomwambia mtu kuwa giza ni la kulala, huanza kujipanga kiasi cha mwezi wa pili na wa tatu. Kabla ya hapo, kumfundisha mtoto kulala usiku kucha ni kumfundisha kusoma asiyejua kusema.

Tena maziwa ya usiku hayanyonywi bure. Kichocheo cha mwili kinachotengeneza maziwa, kiitwacho prolaktini, hupanda zaidi usiku. Mama akiacha kunyonyesha usiku mapema mno, aweza kuona maziwa yakipungua hata mchana, kisha anaanza kununua kopo. Bei ya kopo mnaijua, na mshahara mnaujua.

Na kuna jambo jingine ambalo kina mama wengi hawakuambiwa, nalo lahusu kina baba pia. Kunyonyesha huweza kuzuia mimba, lakini kwa masharti: mtoto awe chini ya miezi sita, mama asiwe amerudi kuona siku zake, na mtoto awe ananyonya maziwa ya mama peke yake, pasipo kupita zaidi ya saa nne mchana na saa sita usiku baina ya kunyonya na kunyonya. Masharti yakitimia, njia hiyo hufaulu kwa wanawake 98 katika kila 100. Mtoto akilala saa tisa mfululizo, sharti limevunjika. Watu hufurahi kuwa mtoto wa kwanza amelala, na baada ya miezi michache wanashangaa kuwa wa pili yuko njiani. Basi anayetaka kumwachisha mtoto maziwa ya usiku na apite kliniki kwanza, aulize njia nyingine.

Sasa, wengi hutuuliza: mtoto wangu ana miezi sita na bado anaamka, je, ana ugonjwa? Katika Kanada mwaka 2018 walitangaza uchunguzi wa watoto wenye afya njema. Walipofika miezi sita, 38 katika kila 100 walikuwa hawalali hata saa sita mfululizo. Walipofika mwaka mmoja, 28 katika kila 100 walikuwa hivyo bado. Na wachunguzi hawakuona ya kuwa wale waliokuwa wakiamka walikuwa nyuma kwa akili wala kwa mwili. Basi yule anayejigamba sokoni kuwa wake hulala tangu siku arobaini, msimwonee wivu. Labda ni kweli. Labda yeye mwenyewe hulala sana, hasikii.

Hapa kwetu Kenya kuna habari nzuri zaidi. Katika miaka ya 1970 wataalamu wawili Wamarekani, Sara Harkness na Charles Super, walikaa na Wakipsigis katika kijiji ambacho katika maandishi yao wanakiita Kokwet. Walipima usingizi wa watoto. Mtoto wa Marekani wa miezi minne alikuwa akilala kiasi cha saa nane bila kuamka. Yule wa Kokwet kiasi cha saa nne na nusu. Hakuna aliyemwona mgonjwa. Alilala ubavuni mwa mama yake, akiamka alinyonya, akalala tena, na mama naye akalala. Mchana mama alikuwa na kazi nyingi, lakini mtoto alikuwa mgongoni mwake, au amebebwa na dada yake karibu, na akitaka kunyonya aliletwa.

Mtasema, mbona mama yule hakusumbuka na sisi tunasumbuka? Kwa sababu yeye hakugonga kadi.

Tunaomba mlifikiri jambo hilo. Habari hii ya mtoto kulala usiku kucha haikuanza na watoto. Sehemu kubwa ilianza na saa za watu wazima. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na daktari katika New Zealand, jina lake Truby King, aliyefundisha ya kuwa mtoto anyonyeshwe kila baada ya saa nne, kwa saa ya ukutani, na usiku asinyonyeshwe kabisa. Mafundisho yake yalienea nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza. Mtoto alipangiwa zamu kama mtu wa kiwanda.

Na kabla yake kulikuwa na mambo mabaya zaidi. Katika miji ya viwanda ya Uingereza, katika karne ya 19, kina mama waliingia kiwandani alfajiri na kutoka usiku. Watoto waliachwa kwa walezi, na ili wanyamaze walinyweshwa dawa tamu iliyouzwa kwa jina la Godfrey's Cordial. Ndani yake mlikuwa na afyuni. Marekani nako walikuwa na Mrs. Winslow's Soothing Syrup, yenye mofini. Watoto walilala kweli. Wengine hawakuamka tena. Wako watu wa zamani walioandika kuwalaumu kina mama wale. Sisi hatuwalaumu. Kengele ya kiwanda ililia, na mtoto alilia, na kati ya hizo mbili ni moja tu ambayo mama aliweza kuinyamazisha.

Basi tukirudi kwa mwenzetu na ile chupa ya dawa ya mafua: ndugu, jambo hili si la mbali. Dawa za mafua na za mzio zinazoleta usingizi hazifai kumlaza mtoto. Kwa mtoto mdogo zaweza kupunguza pumzi, na kijiko kikizidi kidogo ni hatari ya kifo. Mwenzetu alikuwa amempa mara mbili. Alipotuambia alilia, tukamwambia asilie, aimwage. Na anayeacha mtoto kwa yaya au katika nyumba ya kulelea watoto mtaani, na aulize waziwazi, kwa upole lakini waziwazi, kama watoto wanapewa kitu chochote ili walale. Mtoto anayelala mchana kutwa kila siku akiwa kwa mlezi, kisha hana hamu ya kunyonya jioni, apelekwe kwa daktari.

Uji nao tuseme. Mtoto chini ya miezi sita hapewi uji wala maji; maziwa ya mama yanatosha. Na hata ile imani ya kuwa uji wa usiku huleta usingizi, Wamarekani waliijaribu mwaka 1989: watoto wengine walianza kupewa nafaka kabla ya kulala tangu juma la tano, wengine tangu mwezi wa nne. Hawakuona tofauti ya usingizi. Shangazi zetu tunawaheshimu, lakini hapo wamekosea.

Lakini kama si njaa ya maziwa ya maji, ni nini kilichomwamsha mtoto wa mwenzetu mara tano? Hili ndilo tulilolitafuta, na jibu tulilipata katika siku yenyewe ya kazi. Mama alitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, akarudi saa moja za usiku. Ni saa kumi na nne. Katika saa hizo mtoto alipewa maziwa kidogo yaliyokamuliwa, yakaisha kabla ya saa sita mchana. Kazini hapakuwa na mahali pa kukamua ila choo, na ruhusa ya kwenda choo ilihesabiwa dakika. Basi mtoto alifanya hesabu yake. Aligeuza siku: mchana akalala na kungoja, usiku mama alipofika akanyonya yote aliyoyakosa, na pamoja na maziwa akapata mama. Mtoto huyu hakuwa na tabia mbaya ya usiku. Alikosa maziwa ya mchana.

Kwa hiyo anayetaka mtoto alale usiku na aanze na mchana. Mama aliye nyumbani amnyonyeshe vizuri kila saa mbili au tatu mchana, wala asimwache alale saa nne nzima kwa sababu nyumba iko kimya. Mchana dirisha liwe wazi, watu waongee, redio ilie. Jioni mambo yapungue. Mama anayerudi kazini anyonyeshe mara tu anapoingia mlangoni, kabla ya kuwasha jiko, kabla ya kuulizwa chakula kiko wapi (kina baba mtusikie), kisha anyonyeshe tena kabla ya mtoto kulala. Na yeye mwenyewe anapokwenda kulala, tuseme saa nne, amwinue mtoto taratibu na kumnyonyesha hata akiwa nusu usingizini. Mara nyingi usingizi mrefu wa mtoto hufuata hapo, nao hukutana na usingizi wa mama. Wengine wameona faida kubwa katika jambo hili dogo.

Usiku taa iwe hafifu. Msimzungumzishe, msimchezeshe, nepi isibadilishwe ila imechafuka au imelowa sana. Apate kujua ya kuwa usiku hakuna habari. Na akigunagunda au akijinyonganyonga, msimrukie. Nusu ya usingizi wa mtoto mchanga ni usingizi mwepesi, wenye kupepesa macho, kutoa sauti na kurusha mikono. Wengi wetu tumemwamsha mtoto aliyekuwa amelala, kisha tukamlaumu kwa kuamka. Ngoja kidogo, tazama. Kama ni kilio cha kweli utakijua.

Kuanzia miezi minne hivi, yafaa mtoto awekwe kitandani akiwa ameshiba na macho mazito lakini hajalala bado. Mtoto anayelala siku zote na titi mdomoni, anaposhtuka usiku wa manane hulitafuta titi lile lile, hata akiwa hana njaa, maana ndivyo alivyolala. Si kosa lake. Ajaribu kulala mwenyewe mara moja kwa siku, akishindwa abembelezwe, kesho ajaribu tena.

Kuacha kabisa kunyonyesha usiku ni jambo la baada ya miezi sita, mtoto akiwa ameanza chakula, na uzito wake unapanda vizuri katika kijitabu cha kliniki. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au aliye mwembamba, au anayeugua, huyo asikatiwe. Muuguzi aulizwe kwanza. Na homa ya usiku si tabia, ni homa. Mpelekeni hospitali.

Aliye tayari apunguze polepole. Chagueni kunyonya kumoja kwa usiku, tuseme kule kwa saa nane. Kama mtoto hunyonya dakika kumi, usiku wa kwanza mpe nane, usiku wa tatu sita, na kuendelea mpaka mbili, kisha abembelezwe tu. Akizoea, ndipo mhamie kwa kunyonya kwa pili. Juma moja au mawili kwa kila kumoja. Mchana maziwa yasipunguzwe, bali yaongezwe, na kunyonyesha kuendelee mpaka miaka miwili au zaidi. Kuna watakaolia. Wengi wanaogopa ya kuwa kilio cha siku chache kitamharibu mtoto moyo. Katika Australia waliwafuata watoto ambao wazazi wao walifundishwa njia za polepole za kuwalaza, mpaka watoto wakafika miaka sita, na habari zao zikatolewa mwaka 2012: hawakuona madhara. Lakini kadhalika hawakuona faida iliyobaki mpaka umri huo. Maana yake ni kuwa anayetaka kufanya afanye, na asiyetaka asidhani amemkosesha mtoto wake kitu.

Hapa tunawageukia kina baba, maana wamekaa nyuma wanatabasamu. Mtoto anayeachishwa maziwa ya usiku akimsikia mama tu, anasikia harufu ya maziwa, basi atadai. Akija baba, hakuna la kudai. Anapigwapigwa mgongo, anaimbiwa, analala. Tulijaribu haya sisi wenyewe, wanaume wawili katika halmashauri hii. Usiku wa kwanza mmoja wetu alitembea na mtoto tangu saa nane mpaka saa tisa na nusu katika chumba chenye hatua tano. Usiku wa nne ilikuwa dakika kumi. Tunajua ya kuwa wengi wetu hukaa chumba kimoja, na ukuta ni mabati, na jirani ametoka zamu ya usiku anataka kulala. Basi semeni naye mapema. Mwambieni, ndugu, juma hili tunamwachisha mtoto, tuvumilie. Jirani aliyeambiwa hugonga ukuta mara chache kuliko asiyeambiwa.

Juu ya hatari tutasema machache, lakini shikeni. Mtoto alazwe chali, si kifudifudi. Hilo peke yake limepunguza sana vifo vya usingizini katika nchi zilizolitangaza tangu miaka ya 1990. Chandarua kiwepo. Mto na blanketi nzito visiwe karibu na uso. Jiko la makaa lisiachwe ndani na mlango umefungwa, hata baridi ikiwa ya Limuru. Na aliyekunywa pombe, au aliyechoka hata hajitambui, asilale kitanda kimoja na mtoto, wala asilale naye kitini.

Sasa turudi kazini, maana ndiko tulikosema usiku unakoharibika.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama likizo ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na baba majuma mawili. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita. Mwenye kujua kutoa na kujumlisha ataona kuwa imebaki miezi mitatu isiyo na mwenyewe. Miezi hiyo ndiyo mtoto anayogeuza siku, na ndiyo kidole cha mwenzetu kilichochomwa.

Lakini msidhani sheria imenyamaza kabisa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri aweke mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa, na ampe mama muda wa kufanya hivyo, mbali na muda wa chakula. Muda huo, pamoja na mwendo wa kwenda na kurudi, huhesabiwa kuwa ni kazi ya malipo, isipite jumla ya saa moja katika kila saa nane za kazi. Tunarudia ili karani aandike vizuri: ni muda wa malipo. Si hisani ya msimamizi. Wala si jambo la juzi. Mwaka 1919, katika mkutano wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, ilipitishwa kuwa mama anayenyonyesha apewe nusu saa mara mbili kila siku ndani ya saa za kazi. Imepita zaidi ya miaka mia moja, na hapa kwetu bado mtu anakamua maziwa chooni.

Anayekamua anawe mikono kwa sabuni, atumie chombo chenye kifuniko kilichochemshwa. Maziwa yakikaa nje ya friji yatumike ndani ya saa nne. Yaliyo katika friji hukaa siku nne. Mtoto apewe kwa kikombe, si kwa chupa, maana chupa ni ngumu kuosha. Kwa hiyo mahali tunapopadai si chumba chenye kiti tu. Pawe na mlango unaofungwa, maji, sabuni, na friji ndogo. Tajiri mmoja alituambia friji ni gharama. Tulimwuliza bei ya mashine iliyosimama kwa nusu siku wakati mwenzetu alipopelekwa hospitali. Hakujibu, lakini aliandika kitu kwenye karatasi yake.

Habari za mwenzetu zimefika hapa: dawa imemwagwa. Dada yake humletea mtoto mlangoni saa za chakula mara mbili kwa juma, siku nyingine hukamua katika chumba cha huduma ya kwanza, ambacho msimamizi wa zamu amekubali kwa mdomo lakini si kwa maandishi. Mtoto sasa ana miezi mitano na huamka mara mbili. Mara mbili mtu aweza kuishi nazo. Barua ya onyo haijafutwa. Tumeandika kupinga, na jambo hilo litakuwa mezani katika kikao cha mwezi ujao na wakubwa wa kazi, pamoja na chumba, friji, na ruhusa ya maandishi.

Ili tusiende mikono mitupu, tunaomba kila mama mwenye mtoto aliye chini ya mwaka mmoja atuandikie mambo matatu: saa anayotoka nyumbani, saa anayorudi, na mara ngapi mtoto huamka usiku. Jina si lazima. Kina baba nao waandike. Kama hamjui mtoto huamka mara ngapi, andikeni kuwa hamjui, nayo ni habari. Karatasi ziko kwa katibu, karibu na mlango.

Ndugu Mwenyekiti, tunakurudishia mkutano kwa maswali. Tumeona mama aliye kiti cha nyuma, mwenye mtoto, ameinua mkono tangu tulipotaja uji. Aanze yeye.